Sura ya Saba: Rufaa Ina Saa Yake

Jumamosi moja asubuhi tulipanda matatu mbili kutoka Ruiru: wachezaji kumi na wanane, kocha, mzee mmoja aliyetubebea maji, na mimi, katibu wa timu. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kilomita 20 hivi, na barabara ilikuwa wazi. Mechi ilikuwa ya ligi ya chini kabisa katika Kaunti ya Kiambu, ile ambayo jezi hufuliwa nyumbani kwa nahodha na refa hulipwa kwa mchango wa timu zote mbili. Tulifungwa bao moja bila jibu. Aliyelifunga tulimjua sote. Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuwa ameichezea timu nyingine ya ligi ileile, kwa jina lilelile.

Nilijua kwamba kanuni imevunjwa. Nisilolijua ni la kufanya. Nilirudi nyumbani, nikangoja Jumatatu, nikaomba ushauri, nikaandika barua ndefu iliyojaa uchungu, nikaipeleka Alhamisi. Karani aliipitia, akanirudishia. Malalamiko yalipaswa kuandikwa siku ya mechi, refa akayashuhudia, na ada ikalipwa ndani ya muda uliowekwa. Muda ulikuwa umekwisha. Msimu ulipofungwa tulikosa kupanda daraja kwa pointi mbili.

Wale vijana walivuja jasho mwaka mzima, na haki yao ikapotelea mkononi mwangu, kwa sababu sikuwahi kufungua kijitabu cha kanuni kilichokuwa kabatini. Sura hii naiandikia katibu yule niliyekuwa, pamoja na makatibu wote wa Kimbo, Juja, Makongeni na kwingineko wanaobeba faili za timu bila kujua kwamba wanabeba sheria.

Saa ya uwanjani na saa ya mahakama

Ruiru ina mahakama. Thika nayo ina mahakama za mahakimu na Mahakama Kuu. Mwenye timu aliyekasirika anaweza kutoka uwanjani akaenda moja kwa moja hadi kwa wakili, na wengi hufanya hivyo. Lakini mlango ulio karibu huenda usiwe mlango wako.

Kesi ya shamba inaweza kuchukua miaka minne, na siku ya hukumu shamba litakuwa palepale. Ligi haikai mahali pamoja. Timu iliyoshushwa daraja mwezi wa Juni, ikishinda kesi mwezi wa Februari, itarudishwa wapi? Nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na timu nyingine isiyo na hatia, nusu ya msimu imechezwa, na tiketi zimeuzwa. Mkimbiaji aliyeachwa nje ya kikosi cha taifa hafaidiki na hukumu inayotoka wakati wenzake wamekwisha kurudi na medali. Umri wa kucheza ni mfupi. Kijana wa miaka 22 akizuiwa misimu miwili kimakosa, hakuna hakimu anayeweza kumrudishia miguu ya miaka 22.

Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Haohao walisema haraka haraka haina baraka. Sheria ya michezo inaishi katikati ya methali hizi mbili: uamuzi utoke mapema, ila pande zote zisikilizwe kwa utulivu.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ujuzi. Mizozo ya michezo ina lugha yake: usajili wa mchezaji, uhamisho wa mkopo, kadi za njano zinazohesabiwa katika mashindano haya na si yale, vigezo vya kuteua kikosi. Jaji hodari anaweza kuyajifunza yote hayo, lakini ataanza kujifunza wakati msimu unakimbia.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Pasipokuwa na chombo huru, shirikisho linaandika kanuni, linazisimamia, linamshtaki mchezaji, halafu linamhukumu. Mzee yeyote wa Kiambu aliyewahi kuketi kupatanisha majirani anajua kwamba mwenye mbuzi haketi pamoja na wanaoamua mbuzi ni wa nani. Hiyo ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani, na hukumu yake inajulikana kabla shahidi hajafungua kinywa.

Jopo lilivyozaliwa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, iliwaagiza wanaotoa haki waihimize njia ya upatanisho, usuluhishi na mbinu za jadi, na wasiruhusu ufundi wa taratibu kuifunika haki yenyewe. Kifungu cha 50 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa mbele ya mahakama au, inapofaa, mbele ya jopo huru lisilopendelea upande. Juu ya msingi huo Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo, namba 25 ya mwaka 2013, na ndani yake likaunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Wakenya wengi hulijua kwa herufi tatu tu: SDT.

Wanachama wake huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, baada ya kushauriana na mashirika ya michezo ya kitaifa. Hapo ndipo uhuru wa jopo unapoanzia, kwa kuwa mwenyekiti wa shirikisho hawezi kumweka wala kumwondoa anayemwamulia kesi. Mwenyekiti wa jopo lazima awe na sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Anaketi na angalau mawakili wawili wenye uzoefu wa miaka saba au zaidi na wanaoijua sheria ya michezo, pamoja na watu kati ya wawili na sita walioishi ndani ya michezo kwa miaka isiyopungua kumi. Meza moja inawaweka pamoja anayejua sheria na anayejua jinsi chumba cha kubadilishia jezi kinavyonuka. Kwa miaka mingi ya mwanzo jopo liliongozwa na wakili John Ohaga, na maamuzi yaliyotoka chini ya uongozi wake ndiyo yaliyowafundisha Wakenya kwamba chombo hiki kina meno.

Mamlaka yake yameandikwa katika kifungu cha 58 cha Sheria ya Michezo, na ningemwomba kila katibu akisome mara mbili. Jopo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya michezo ya kitaifa, zikiwemo za adhabu za kinidhamu na za kuachwa nje ya kikosi cha Kenya, pale ambapo kanuni za shirika husika zinaruhusu rufaa hiyo waziwazi. Husikiliza pia mzozo mwingine wowote wa michezo ambao pande zote zimekubali kuuleta na jopo lenyewe limekubali kuupokea. Tatu, husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Msajili wa Michezo, yule anayesajili vilabu, vyama vya kaunti na mashirika ya kitaifa.

Maneno yanayopaswa kukukosesha usingizi ni haya: kanuni za shirika husika. Sheria imejenga mlango, na ufunguo umeachwa ndani ya katiba ya chama chako. Klabu inayotia saini fomu ya kujiunga na ligi bila kusoma kanuni za rufaa imeingia nyumba ambayo haijui inatokea wapi.

Anayeruka ngazi atarudishwa chini. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi kati ya Spika wa Bunge na James Njenga Karume, mwanasiasa na mfanyabiashara mashuhuri wa Kiambu. Haikuwa kesi ya michezo. Kanuni iliyotoka humo ni kwamba Katiba au sheria ikiweka utaratibu maalum wa kutatua lalamiko fulani, utaratibu huo lazima ufuatwe. Hadi leo majaji huitaja kanuni hiyo wanapomwambia mlalamishi aanze kwenye jopo. Mwaka 2015 Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ikakazia jambo hilohilo: maliza kwanza njia zilizopo, ndipo uje Mahakama Kuu. Klabu inayokimbilia Mahakama Kuu bila kufuata ngazi inaweza kupoteza miezi mitatu na ada ya wakili, kisha ikaambiwa ilikosea mlango.

Uchaguzi uliofutwa mara mbili

Nguvu ya jopo ilionekana na nchi nzima katika uchaguzi wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF. Soka ya Kenya ina matawi ya kaunti, Kiambu likiwa mojawapo, na katika matawi hayo ndipo safari ya kumpata rais wa shirikisho huanzia. Mwishoni mwa mwaka 2019 uchaguzi wa matawi ulikuwa umefanyika katika sehemu nyingi za nchi. Walalamishi wakaenda kwa jopo wakidai kwamba kanuni za uchaguzi zilitungwa bila wadau kushirikishwa ipasavyo, na kwamba bodi iliyousimamia haikuundwa inavyotakiwa. Tarehe 3 Desemba 2019 jopo likaufuta. Shirikisho likaandaa mwingine. Tarehe 17 Machi 2020 jopo likaufuta huo pia.

Katika uamuzi wa pili jopo lilipendekeza FIFA iunde kamati ya mpito ya kuirekebisha soka ya Kenya. FIFA ilikataa. Hapo wasomaji wengi huuliza: jopo lina nguvu gani basi, ikiwa FIFA inaweza kusema hapana? Jibu ni kwamba jopo linasimama kwenye makutano ya mito miwili. Mmoja ni sheria ya nchi, unaomfunga kila Mkenya na kila chama kilichosajiliwa Kenya. Mwingine ni sheria ya mashirikisho ya dunia, yanayodai uhuru wake na yasiyotaka mahakama za kawaida ziingilie. Kazi ngumu ya jopo ni kuulinda ule wa kwanza bila kuukausha wa pili. Hatimaye uchaguzi ulifanyika Oktoba 2020, Nick Mwendwa akachaguliwa tena. Walalamishi hawakumwondoa. Walichokipata ni uchaguzi ulioandaliwa upya, na fundisho kwamba kanuni za uchaguzi wa michezo zinaweza kupimwa kwa kipimo cha Katiba.

Ulinganishe na yaliyofuata. Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, aliivunja kamati kuu ya FKF na kuweka kamati ya mpito. Shutuma za matumizi mabaya ya fedha zilikuwa nzito na zilistahili kuchunguzwa. Lakini njia iliyotumika ilikuwa amri ya serikali, na tarehe 24 Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Mwezi wa Mei shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaiondoa timu ya taifa, Harambee Stars, katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika. Kifungo kiliondolewa tarehe 28 Novemba 2022. Kwa miezi tisa kijana wa Thika aliyeota kuvaa jezi ya taifa alilipia ugomvi usiomhusu. Uamuzi wa jopo unaweza kuuma, lakini unatoka kwa utaratibu ambao dunia ya michezo inautambua. Amri ya waziri, hata nia yake ikiwa safi, hufungiwa mlango.

Msimu uliokatika katikati

Thika imeonja ligi kuu. Thika United iliicheza kwa miaka hadi iliposhuka mwaka 2018. Miaka miwili baadaye mji ukapata mwakilishi mwingine kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, viwanja vilifungwa mechi zikiwa zimebaki. Mwishoni mwa Aprili FKF ikatangaza kwamba msimu umekwisha: Gor Mahia mabingwa, Chemelil Sugar washuke, Nairobi City Stars na Bidco United ya Thika wapande.

Fikiria uzito wa uamuzi huo kutoka kila upande. Bidco walikuwa wa pili kwenye jedwali la daraja lao. Je, wanyimwe nafasi waliyoipigania kwa sababu ya ugonjwa? Chemelil walikuwa na mechi mkononi. Je, wahukumiwe kwa mechi ambazo hawakuzicheza? Nani mwenye mamlaka ya kuufunga msimu, shirikisho au kampuni iliyoendesha ligi? Maswali hayo hayamhitaji mtu mwovu ili yawe magumu. Kila upande ulikuwa na haki ya kulalamika, na mzozo huo nao ukafika mbele ya jopo. Mwishowe ubingwa wa Gor Mahia ulibaki, na Bidco United wakaicheza ligi kuu. Msimu mpya ulipoanza, kila timu ilijua mahali pake. Kwa wanaolipa mishahara ya wachezaji, kujua mapema mahali ulipo kuna thamani inayokaribia kushinda kesi.

Chupa mbili za mkojo

Ruiru ndiko kulikojengwa chuo cha mafunzo cha Magereza, na kikosi cha riadha cha Magereza kimeipa nchi wakimbiaji wakubwa. Mmoja wao ni Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007. Kila kizazi kina vijana wanaokimbia alfajiri wakiitamani njia yake. Kwa vijana hao, kesi inayoweza kuwavunja maisha ni ya pufya, yaani dawa za kusisimua misuli.

Sheria ya Kukabiliana na Pufya, namba 5 ya mwaka 2016, iliunda shirika la ADAK na kulipa jopo kazi ya kusikiliza mashtaka haya. ADAK ndiyo inayoshtaki, jopo ndilo linaloamua, na rufaa inaweza kufika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne nchini Uswisi.

Kanuni ya kwanza ni kali: kinachopatikana mwilini mwa mwanariadha ni jukumu lake. Haisaidii kusema uliuziwa kwenye duka la dawa bila kuambiwa. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B. Ya A ikionyesha dawa, mwanariadha ana haki ya kudai ya B ifunguliwe. Ana haki ya kupewa mashtaka kwa maandishi, kuleta wakili na mashahidi, na kueleza dawa iliingiaje. Dawa nzito kama EPO huleta kifungo cha miaka minne. Tangu mwaka 2021, anayekabiliwa na kifungo hicho akikiri na kuikubali adhabu ndani ya siku 20 baada ya kupewa mashtaka, hupunguziwa mwaka mmoja. Mwaka mzima wa kukimbia unaning'inia kwenye siku 20, na wapo wanaoiacha barua ikae kwenye meza ya mjomba hadi mwezi upite.

Jemima Sumgong alishinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Mkenya wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Mapema mwaka 2017 alipatikana na EPO. Mbele ya jopo alijitetea kwamba alikuwa ametibiwa hospitalini. Utetezi ulikataliwa, akafungiwa miaka minne. Mwaka 2019 kifungo kikafika miaka minane baada ya kuthibitishwa kwamba alitoa maelezo na hati za uongo kuhusu matibabu hayo. Mwanariadha mwenye ukweli hupimwa kwa ukweli wake, hata ukiwa mchungu. Hati ya kughushi humfunga mara ya pili.

Rufaa nayo hukata pande zote. Rita Jeptoo, malkia wa Boston na Chicago, alifungiwa miaka miwili na Riadha Kenya mwaka 2015. Shirikisho la riadha la dunia liliona adhabu ni ndogo, likaenda CAS, na Oktoba 2016 ikawa miaka minne. Anayeenda Lausanne aende akijua hilo.

CAS yenyewe ina mkono wa Afrika. Ilianzishwa mwaka 1984, na aliyeilea tangu kuzaliwa kwake ni Kéba Mbaye, jaji wa Senegal, rais wake wa kwanza. Tangu Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 imekuwa ikituma majopo kwenye michezo yenyewe, yanayojitahidi kuamua ndani ya saa 24. Nayo pia hupimwa. Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini hakupata usikilizaji wa kina uliomstahili pale kesi yake ilipotoka CAS na kufika mahakama ya Uswisi. Mahakama za michezo zimepewa nafasi ya kipekee, na kwa sababu hiyo zinadaiwa haki kamili.

Faili ya katibu

Kati ya uwanja wa Thika na Lausanne kuna ngazi nyingi, na wengi wetu hatutapanda zaidi ya mbili. Mizozo mingi inaweza kufa kwenye ngazi ya kwanza, watu wakiketi meza moja. Sheria ya Michezo inaliruhusu jopo, katika kifungu cha 59, kutumia upatanisho na kuwasaidia wanaozozana kuufikia. Vilabu viwili vya Ruiru vitakutana tena msimu ujao, na msimu unaofuata. Hukumu huwapa mshindi na mshindwa. Mapatano huwaachia ujirani.

Ila mapatano huheshimiwa pale tu ambapo kila upande unajua mwingine anaweza kwenda mbele. Uwezo huo haununuliwi siku ya ugomvi. Unajengwa mwanzoni mwa msimu: cheti cha usajili wa klabu kikiwa hai, nakala ya katiba ya chama ikiwa imesomwa na kocha, nahodha na katibu, orodha ya wachezaji ikiwa na leseni zao, na kurasa za rufaa zikiwa zimepigiwa mstari, hasa pale palipoandikwa saa, siku na ada. Uamuzi ukitolewa, uombe kwa maandishi pamoja na sababu zake. Ukipeleka barua, rudi na nakala iliyogongwa mhuri wa tarehe. Jopo haliwezi kumsaidia mtu ambaye ushahidi wake wote ni kumbukumbu na hasira.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi Thika na timu ileile, vijana wapya ndani ya jezi mpya. Kabla ya mpira kuanza nilikagua leseni pamoja na katibu wa wenzetu, jina kwa jina. Moja ya kwao ilikuwa na picha isiyolingana na aliyeishika. Nilimwita refa tukiwa bado kando ya uwanja, nikaandika mistari minne, akatia saini. Katibu mwenzangu akaisoma, akamtazama kijana wake, akamwambia avue jezi akakae benchi. Hatukuhitaji kamati wala jopo. Mechi ilianza dakika kumi baada ya wakati wake, na kila aliyeingia uwanjani alikuwa yule aliyeandikwa.